Madarasa na maktaba ya kaboni ndogo Kibaha: shajara ya mradi kwa kiwango cha EDGE

19 Mei 2025: Kuchagua kiwango

Jengo halina ghorofa. Lina madarasa mawili ya ufundi na maktaba moja, mita 30 kwa 8, jumla mita za mraba 240. Kiwanja kiko Kibaha, mkoa wa Pwani. Shajara hii inaongezwa kila hatua inapokamilika, ili mwenye mradi wa ukubwa huu achukue vipimo na bei na asirudie yaliyoharibika. Bei zote ni shilingi za Tanzania, kama zilivyolipwa saiti.

Mezani kulikuwa na viwango viwili vya kuthibitisha majengo rafiki kwa mazingira. LEED v5, toleo jipya la kiwango cha Marekani, ilizinduliwa Aprili 2025, na nusu ya alama zake sasa zimeelekezwa kwenye kupunguza kaboni, yaani hewa ya ukaa inayopasha dunia joto. Imeongeza masharti ambayo mradi hauwezi kuyakwepa: tathmini ya hatari za tabianchi kwa kiwanja, na hesabu ya kaboni iliyotoka wakati wa kutengeneza vifaa vya muundo na ganda la jengo, pamoja na kutaja vyanzo vitatu vikubwa zaidi. Hesabu hiyo tumeichukua kama zoezi la lazima hata nje ya LEED, na ndiyo iliyobadilisha michoro yetu kuliko kitu kingine chochote. Ila nyaraka zote za LEED kwa jengo dogo hivi zingekula pesa ambazo zinafaa kwenda kwenye kuta.

Tumechagua EDGE, kiwango cha IFC, taasisi ya Kundi la Benki ya Dunia inayohudumia sekta binafsi. Kinataka jengo lipunguze angalau asilimia 20 kwenye nishati, asilimia 20 kwenye maji, na asilimia 20 kwenye mzigo wa nishati na kaboni wa kutengeneza vifaa, ukilinganisha na jengo la kawaida la mahali hapo. Yote matatu yatimie. Ziada ya maji haifidii upungufu wa nishati. Ukifika asilimia 40 ya nishati unaingia daraja la Advanced. Programu yake inafunguka bure mtandaoni, kwa hiyo unaweza kujaribu michoro yako kabla ya kulipa ada yoyote.

Jambo moja linawashangaza wengi wanaoanza. Jengo lisilo na kiyoyozi halihesabiwi kuwa halitumii nishati ya kupooza. Programu inakadiria joto litakalowasumbua watu ndani na kuliandika kama nishati ya kufikirika, kwa sababu jengo lenye joto mwishowe hufungiwa kiyoyozi. Kwa hiyo kivuli, rangi ya paa na upenyo wa hewa vinaleta asilimia hata kama hakuna bili ya umeme inayopungua leo.

26 Mei 2025: Mchoro wa kwanza ulikataliwa na namba

Mchoro wa mwanzo ulikuwa na madirisha makubwa ya alumini ya kusukuma, asilimia 32 ya eneo la kuta za nje, yaani mita za mraba 73 kati ya 228. Ulipoingizwa kwenye programu uliangusha nishati na vifaa kwa pamoja: kioo kinaingiza joto, na alumini ni nzito sana kwenye hesabu ya vifaa.

Tulidhani angalau upepo ungekuwa mzuri. Haukuwa. Dirisha la kusukuma hufunguka nusu tu, kwa hiyo mita 73 za kioo zilitoa upenyo wa mita 36.5. Kwa madarasa yetu upenyo uliotakiwa ni asilimia 20 ya sakafu, yaani mita 48. Tukabadilisha yote kuwa madirisha ya mbao yanayofunguka kwa bawaba, asilimia 20 ya kuta. Hayo ni mita 45.6, na karibu zote zinafunguka. Zilizobaki zimetoka kwenye safu ya matofali ya matundu juu ya madirisha, pande zote mbili ndefu. Kioo kimepungua kwa zaidi ya theluthi na hewa imeongezeka.

Upenu ulipigiwa hesabu ya jua badala ya mazoea. Kibaha iko karibu nyuzi 6.8 kusini mwa ikweta. Mwezi Juni jua la saa sita mchana linakuwa upande wa kaskazini, kwenye pembe ya nyuzi kama 60. Desemba linahamia kusini lakini juu zaidi, nyuzi kama 73. Upenu wa sentimita 90 unatupa kivuli cha mita 1.56 ukutani upande wa kaskazini saa sita mchana siku mbaya kuliko zote. Juu ya dirisha kuna sentimita 30 za matundu, dirisha lenyewe ni mita 1.2, jumla 1.5. Saa hiyo linafunikwa lote. Kusini kivuli kinafika karibu mita 3, kwa hiyo hakuna haja ya kurefusha. Mashariki na magharibi hakuna upenu unaosaidia, jua linaingia kwa chini. Kuta hizo mbili hazina dirisha kabisa.

9 Juni 2025: Udongo

Kuta ni za matofali ya kufungamana ya udongo na saruji, ya aina inayohimizwa na Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi: urefu milimita 300, upana 150, kimo 100. Hayachomwi, hivyo hakuna kuni.

Kabla ya kununua mfuko hata mmoja wa saruji, pima kusinyaa. Tengeneza kisanduku cha mbao cha ndani milimita 600 kwa 40 kwa 40, kipake mafuta, jaza udongo uliolowa vizuri, ushindilie kwenye kona. Uache juani siku tatu au kivulini siku saba. Kisha sukuma vipande vyote upande mmoja na upime pengo lililobaki. Chini ya milimita 15, tumia ndoo 1 ya saruji kwa 18 za udongo. 15 hadi 30, tumia 1 kwa 16. 30 hadi 45, 1 kwa 14. 45 hadi 60, 1 kwa 12. Ukizidi 60 tafuta udongo mwingine.

Shimo la kwanza, lililo karibu na kiwanja, lilitoa milimita 48. Shimo la pili, la udongo mwekundu wenye mchanga, milimita 24. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyosikika: kutoka 1:12 kwenda 1:16 unapunguza robo ya saruji ya kuta zote. Shimo la pili liko mbali na lori lilikuwa ghali, kwa hiyo tulijaribu kwanza kuchanganya udongo wa shimo la kwanza na mchanga, sehemu mbili kwa moja. Kipimo kilishuka hadi milimita 27. Tumejenga na mchanganyiko huo kwa 1:16. Fundi asikubali kubahatisha hapa. Udongo ukiwa na mfinyanzi mwingi, watu huongeza saruji wakati dawa yake ni mchanga.

30 Juni 2025: Ufyatuaji

Tofali 7,800 zinahitajika pamoja na za kuvunjika. Mashine ni ya mkono. Udongo unapitishwa kwenye chekecheo la milimita 5, saruji inachanganywa kavu hadi rangi iwe moja, ndipo maji yanyunyizwe. Kipimo cha maji: finyanga donge, liachie kutoka usawa wa kifua. Likipasuka vipande vinne au vitano, maji yanatosha. Likibaki donge moja yamezidi, likisambaa kama unga hayatoshi.

Kundi la kwanza liliharibika kwa njia mbili.

Ya kwanza ni nguvu. Tofali zilizopelekwa maabara zilivunjika kwa megapaskali 1.6 (kipimo cha nguvu ya kubanwa), wakati lengo ni 2.5. Uwiano ulikuwa sahihi. Kosa lilikuwa muda. Mafundi walichanganya rundo kubwa asubuhi ili kuokoa kazi, na rundo likatumika hadi karibu saa sita. Saruji ikishakutana na maji inaanza kushika, na ukishindilia baada ya hapo unavunja kile kilichoanza kuungana. Tangu hapo kila mchanganyiko ni wa nusu mfuko tu, na unatakiwa kuisha ndani ya dakika 40. Tofali zilizofuata zilifika 3.1 kwa saruji ileile.

Ya pili ni kimo. Tofali hizi zinapangwa bila mota, kwa hiyo kila milimita inapanda nazo ukutani. Tulipanga tofali 15 moja juu ya nyingine: badala ya milimita 1,500 tulipata 1,531. Sababu ni ujazo wa udongo kwenye kinu cha mashine, ambao kila fundi alikuwa anakadiria kwa koleo. Dawa ni kopo moja lililokatwa kwa kipimo, linalofutwa juu kwa ubao. Sasa mpango wa tofali 15 unakwenda kati ya 1,498 na 1,506. Zilizozidi hazikutupwa, zimetengwa kwa kuta za chini ya madirisha, ambako hazikutani na safu nyingine.

Kumwagilia: siku saba chini ya nailoni, asubuhi na jioni. Mpango wa tofali usizidi safu tano, zikiwa kivulini. Tofali zilizokaa pembeni mwa nailoni, zikipigwa na upepo, zilichubuka kingo kwa kugusa tu.

Gharama ya tofali moja: saruji 183 (mfuko 16,500 unatoa tofali 90), udongo na mchanga 90, ufundi 200, maji na nailoni 30. Jumla 503.

28 Julai 2025: Msingi na sakafu, ambako kaboni imejificha

Matofali yote ya jengo yanakula mifuko 87 ya saruji. Sakafu ya zege ya milimita 100 peke yake, mita za ujazo 24 kwa kilo 300 za saruji kila moja, ingekula mifuko 144. Msingi na mkanda wa juu (wa zege, unaozunguka juu ya kuta) vingeongeza mita za ujazo karibu 14, mifuko 84 mingine. Watu wanazungumzia kuta kwa sababu zinaonekana kwenye picha. Saruji iko chini ya miguu.

Saruji ni nzito kwa kaboni kwa sababu mbili zinazotokea pamoja: mafuta yanayochoma tanuri, na jiwe la chokaa lenyewe, ambalo likigeuka klinka (vipande vilivyochomwa vinavyosagwa kuwa saruji) linaachia hewa ya ukaa iliyokuwa ndani yake. Hata tanuri likiendeshwa kwa umeme wa jua, sehemu ya pili inabaki. Njia za kweli ni kupunguza klinka ndani ya saruji na kupunguza saruji ndani ya jengo.

Tulifanya yote mawili. Mhandisi wa miundo alikubali milimita 75 kwenye madarasa, mita za mraba 150, kwa sharti kwamba kifusi kishindiliwe kwa tabaka za sentimita 15 na wavu wa chuma ubaki. Maktaba imebaki milimita 100 kwa sababu ya uzito wa rafu za vitabu. Tumeokoa mita za ujazo 3.75, mifuko 22. Usijaribu hili bila mhandisi na bila kushindilia vizuri; sakafu nyembamba juu ya kifusi legevu itapasuka, na ukiivunja na kumwaga upya umetumia kaboni mara mbili.

Saruji ya sakafu na msingi ni ya pozolana, yaani iliyochanganywa na jivu la volkano au mfano wake, daraja la nguvu 32.5. Ina klinka pungufu, na kwa hiyo inachelewa kupata nguvu. Ukingo wa sakafu upande wa mlango wa maktaba ulimegeka kwa urefu wa mita mbili kwa sababu mbao zilitolewa siku ya pili kama ilivyozoeleka kwa saruji ya 42.5. Tumekarabati na kuweka kanuni: mbao za pembeni zikae siku nne, kumwagilia kuendelee siku 14 badala ya 7. Mkanda wa juu umemwagwa kwa 42.5, kwa sababu ulihitaji kubeba kenchi mapema.

8 Septemba 2025: Kuta, na swali la plasta

Safu ya kwanza imelazwa juu ya mota kwa pima maji, na hapo ndipo muda mwingi uliisha. Ikikaa sawa, zilizobaki zinapanda haraka: kamba, timazi kila safu ya nne, nyundo ya mpira. Tofali lichovywe majini kabla ya kukutana na mota au zege. Mabomba ya umeme yanapita kwenye matundu ya tofali. Fundi umeme alianza kuchimba ukuta kwa grainda kama alivyozoea na kukata tofali za darasa la kwanza kimo cha mita moja. Zilitolewa na kubadilishwa. Mpange yeye na mjenzi siku moja, soketi ziwekwe ukuta ukiwa unapanda.

Kisha likaja ombi la kupiga plasta nje na ndani, "ili lionekane limekwisha". Hesabu ya mita moja ya mraba ya ukuta ndiyo iliyomaliza mjadala:

Ukuta wa tofali za kufungamana: tofali 33, saruji kilo 18. Ukuta wa tofali za mchanga na saruji za inchi 6: tofali 9 zenye kilo 13, mota kilo 4, plasta pande mbili kilo 9, jumla kilo 26. Ukiziacha tofali za kufungamana wazi, unaokoa kilo 8, karibu theluthi. Ukizipiga plasta, unafika kilo 27 na umepita ule wa kawaida.

Hili halisemwi vya kutosha na wanaouza mashine. Tofali lenyewe, kwa mita ya ukuta, lina saruji nyingi kuliko la mchanga. Faida yake yote iko kwenye mota na plasta usizoziweka. Kwa pesa ni hivyohivyo: tofali za kufungamana ni shilingi 16,600 kwa mita, dhidi ya karibu 29,400 za ukuta wa kawaida ukishapigwa plasta.

Bila plasta, adui ni maji ya mvua yanayoruka kutoka ardhini. Ukuta wa msingi umepandishwa sentimita 45 juu ya ardhi kwa tofali za mchanga, na chini ya upenu kuna ukanda wa kokoto badala ya zege, ili tone lisiruke. Viungo vimezibwa kwa mchanganyiko mwembamba wa udongo uleule na saruji kidogo. Ndani ni chokaa nyeupe tu, inayosaidia mwanga.

6 Oktoba 2025: Paa

Kenchi ni za paini iliyotiwa dawa kutoka Sao Hill, Mufindi, badala ya chuma. Mbao zikaguliwe zikishuka kwenye lori: zilizolowa bado zitapinda zikiwa juu. Tulirudisha kama moja ya kumi.

Mabati yaliagizwa meupe. Yaliyofika yalikuwa kijivu iliyokoza, na muuzaji alisisitiza kuwa ni bati lilelile la geji ileile. Kwa geji ndiyo; kwa joto hapana. Nyeupe inarudisha sehemu kubwa ya jua angani, iliyokoza inalimeza na kulishusha ndani. Tuliingiza rangi hiyo kwenye programu kabla ya kuamua, na akiba ya nishati ilishuka kutoka asilimia 34 hadi 27. Bado ingepita 20, lakini wanaokaa chini ya paa hilo saa nane mchana Februari hawakai kwenye asilimia. Mabati yalirudishwa, usafiri wa kubadilisha 280,000 na kazi ikasimama siku tisa. Kwenye oda andika rangi na namba yake ya kurudisha jua, na udai karatasi ya kiwandani kabla ya malipo ya mwisho.

Juu ya dari kuna pamba ya kioo ya milimita 50. Feni za dari ziko nane, taa zote za LED.

10 Novemba 2025: Maji

Koki zilichaguliwa kwa karatasi ya kiwandani iliyosema lita 2 kwa dakika. Kipimo hicho ni cha presha ya baa 3. Tangi letu liko mita 4 juu, koki iko mita 1, na mita 10 za kimo ni kama baa 1. Tulikuwa na baa 0.3. Maji yalidondoka, na mafundi wakaanza kung'oa vichujio vya mdomoni ili wanawe. Koki ya kubana maji iliyong'olewa kichujio haibani chochote.

Tumeweka vichujio vya presha ndogo na chujio moja kubwa kwenye bomba la kisima, kwa sababu mchanga ndio uliokuwa unaziba. Kupima: jagi la lita 1 na saa. Likijaa kwa sekunde 15, ni lita 4 kwa dakika. Tumeingiza namba hiyo, siyo ya karatasi. Vyoo ni vya vitufe viwili, lita 4.5 na 3. Akiba ya maji imesimama asilimia 31.

Paa lina mita za mraba 310 ukiliangalia kutoka juu, kwa hiyo kila milimita ya mvua ni lita 310 kabla ya upotevu. Mvua za kwanza za vuli zilijaza tangi la lita 10,000 na kumwagika. La pili litaongezwa. Kifaa cha kutenga mvua ya kwanza, yenye vumbi na kinyesi cha ndege, tayari kipo.

8 Desemba 2025: Ushahidi

Cheti cha mwisho hakitolewi kwa michoro. Mkaguzi anakuja, na kila kilichotajwa kwenye programu lazima kiwe na picha yenye tarehe, hati ya kupokelea mzigo, karatasi ya kiwandani, au vyote. Tofali, mabati na koki vilikuwa na vyote.

Pamba ya dari ilikosa picha. Bodi zilifungwa Jumamosi na hakuna aliyepanda kabla. Stakabadhi ya kununulia inaonyesha pamba ilinunuliwa, haionyeshi kuwa iko juu. Bodi tano zilifunguliwa, moja kila kona na moja katikati, na ikaonekana kwamba kwenye kona ya kusini-mashariki pamba ilikuwa imevutwa pembeni kupisha nyaya, mita za mraba sita bila kitu. Imerudishwa. Kufungua na kufunga: 190,000.

Orodha ya picha zinazopaswa kupigwa kabla ya kufunikwa: kifusi kikiwa na kipimo, wavu wa chuma, nondo za mkanda, mabomba ndani ya kuta, pamba ya dari. Mpe mtu mmoja jukumu hilo, awe na mamlaka ya kumsimamisha fundi.

12 Januari 2026: Namba zilizowasilishwa

Nishati asilimia 34, maji 31, vifaa 43. Advanced hatukufika. Zilizobaki asilimia sita zingetoka kwenye paneli za jua, ambazo bajeti haikuziruhusu. Mkanda wa kufungia paneli na bomba la nyaya vimeshawekwa kwenye paa.

Tofali zote zimegharimu 3,923,000. Makosa yaliyolipiwa ni mabati 280,000, dari 190,000, kundi la kwanza la tofali 310,000, na koki 145,000. Ada ya cheti iombwe bei kwa ukubwa wa jengo lako mwanzoni kabisa, iingie kwenye bajeti kama kifaa kingine.

Mita ndogo za umeme na maji zimefungwa kwa kila chumba. Zitasomwa kila tarehe 1, na masomo ya mwaka mzima yatawekwa hapa kando ya makadirio ya programu.